Chai ya Wakwe wa Malaka

Mtu akizurura miaka mingi kama nilivyozurura mimi, tumbo lake husahau kwao ni wapi. Nilipokuwa Uarabuni nikikwangua masufuria katika jiko la hoteli, niliota mukimo wa kwetu Ruiri, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akalalamika kwamba natafuna usingizini. Niliporudi Ruiri nilikula mukimo kwa furaha ya mtu aliyetoka jela. Kisha jioni moja, kijiko mkononi, nikajikuta natamani tambi za mchuzi wa nazi na pilipili, zile alizokuwa akitupikia kijana mmoja wa Malaka katika bweni la wafanyakazi siku za mapumziko. Mama aliniona nimeduwaa, akasema, "Huyu hata ukimpeleka mbinguni ataulizia njia ya kutoka."

Kijana huyo ndiye chanzo cha hadithi hii. Alikuwa mpishi, mimi msaidizi wake. Kwa sura ni Mchina, lakini ukimwita Mchina anakutazama kama mtu wa Mombasa aliyeitwa Mwarabu. Wazee wake walitoka China zamani sana kwa biashara, wakafika Malaka, wakaoa wanawake wa pale, na tangu hapo wakawa kitu cha tatu ambacho si huku wala kule. Wanawake wa ukoo huo huitwa Nyonya, na mapishi yao huitwa hivyo hivyo: chungu cha Kichina, viungo vya Kimalei, nazi, ukwaju, mchaichai, na ukali wa mama mkwe. Mimi nilikipenda chakula hicho kuliko ilivyo heshima kwa mtu wa Meru. Dada yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli hiyohiyo, na siku moja nikamleta aonje. Nilidhani nawakutanisha kwa sababu ya tambi.

Basi wakaamua kuoana, na wakaamua kuoania nyumbani, kwa mama yetu, kwa kuwa baba alishafariki na mama hapandi ndege. Habari zikafika Ruiri kabla yao. Ziliwasili zikiwa zimenenepa njiani. Kwa jirani wa juu mbwa walifungwa kamba. Kwa jirani wa chini punda wawili walihamishiwa kwa shemeji yake, ng'ambo ya bonde. Kila mtu alikuwa na uhakika Wachina hula nini, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kula na Mchina.

Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, naibu chifu mstaafu, alijiteua mwenyekiti wa kamati ya harusi. Yeye hakujali mbwa. Alikuwa na hesabu nyingine.

"Huyu mkwe," aliniuliza pembeni, "lami ataifikisha hapa getini ama ataiachia pale barabara kubwa?"

"Baba mdogo, huyu ni mpishi."

"Wote huanza hivyo."

"Na si wa China. Ni wa Malaka."

"Na hiyo Malaka haina lami?"

Nilikubali kwamba inayo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi, na tangu siku hiyo akawa anamwita kijana "injinia".

Mama mzazi wa bwana harusi alikuja naye, peke yake, kwani naye ni mjane. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, amevaa blauzi nyembamba iliyotariziwa maua kifuani na chini amejifunga kitambaa cha rangi nyingi. Kina mama wa kanisa waliokuja kumpokea wakamzunguka, wakakishika kile kitambaa, wakakigeuza upande wa ndani, na wakatoa uamuzi: ni leso, ila imesoma. Tangu hapo hakuna aliyemwogopa.

Kilichoogopwa ni masanduku yake. Alikuja na mawili, na nguo zilikuwa katika mkoba wa mkononi. Ndani ya masanduku mlikuwa na maua makavu ya buluu, majani ya kijani yenye harufu ya wali mpya, kokwa nyeusi ngumu kama mawe, mtungi wa soya iliyochachushwa, na matofali ya uduvi uliosagwa, ukachachushwa, ukakaushwa. Wanauita belakani. Mimi nilipolinusa tofali hilo machozi yalinitoka kwa kukumbuka bweni letu la Uarabuni. Wengine machozi yaliwatoka kwa sababu zao.

Kwa sababu belakani lazima lichomwe kwanza. Mama yule alichuchumaa mbele ya mafiga matatu katika jiko la mama, akalibanika kipande juu ya makaa, na harufu ikatoka mlangoni ikapanda shambani ikaingia kwa majirani bila kubisha. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliyekuwa akimenya viazi, aliinuka akaenda kuangalia chini ya ghala kama kuna kitu kimekufa. Na wale mbwa wa jirani wa juu, waliofungwa ili wasiliwe na Wachina, wakakata kamba wakaja wenyewe, wakakaa mstari mlangoni, ulimi nje, wakisubiri kuhudumiwa.

Nazi tuliagiza Meru mjini, kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye babu zake wametoka pande zote za nchi na ndiye mtu pekee wa pale sokoni asiyeuliza nazi ni za nini. Kuku tulikuwa nao. Viazi tulikuwa navyo mpaka aibu. Mama mkwe wa dada yangu akapika majaribio: kuku na viazi ndani ya mchuzi mweusi wa soya na sukari ya mnazi, chakula kiitwacho pongte. Kamati nzima ilikaa chini kukionja kwa uso wa watu walioitwa kutambua maiti. Kijiko cha kwanza kikaenda taratibu. Cha pili hakikuonekana kilivyokwenda.

"Lakini hii ni kuku na viazi tu," alisema mwenyekiti, akifuta sahani kwa chapati. "Hawa watu ni Wameru."

Wali wa buluu ndio ulioleta mjadala. Ulipikwa kwa yale maua makavu na ukatoka na rangi ya sare ya shule. Mwenyekiti alisema Mungu hakuumba chakula cha buluu na aliyetaka kumpinga ataje kimoja. Hakuna aliyeweza. Ikaamuliwa wali huo uwekwe kwenye meza ya wageni wa heshima, ili kama kuna ubaya uwapate wao.

Sasa tufike kwenye chai.

Mama mkwe alieleza, na mimi nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha jikoni na Kiswahili changu cha safari, kwamba kwao ndoa haikamiliki kanisani. Hukamilika kwa chai. Maharusi hupiga magoti mbele ya wazee wa pande zote mbili, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, humwita kila mzee kwa cheo chake cha ukoo, na kumpa kikombe kidogo kwa mikono miwili. Mzee akinywa, amempokea mkwe. Akikiacha, hajampokea. Hakuna zaidi ya hapo, hakuna hotuba.

Neno "hakuna hotuba" lilimuumiza mwenyekiti, lakini neno "kuanzia mkubwa" lilimponya. Papo hapo ukazuka ugomvi wa umri. Wazee ambao miaka yote tumewasikia wakisema wao bado vijana walianza kukumbuka njaa na nzige ambazo hata babu zao walisimuliwa tu. Mmoja alidai alitahiriwa kabla ya mwingine na akataka kuita mashahidi. Mwingine alisema mashahidi wote wamekufa na hilo ndilo thibitisho la umri wake.

"Waambie pia," alisema mama mkwe kwa upole, "mzee akishakunywa huwapa maharusi bahasha nyekundu."

Nilitafsiri.

"Kuwapa," alisema mwenyekiti. "Si kupewa?"

"Kuwapa, baba mdogo."

Sijawahi kuona watu wakirudia ujana kwa kasi hiyo. Aliyetahiriwa mwanzo akakumbuka kwamba, kwa kweli, alikuwa nyuma ya yule mwingine kwenye mstari. Yule mwenye mashahidi waliokufa akasema yeye ni rika la watoto. Mwishowe orodha ya wazee wa upande wetu ilibaki na watu wawili: mwenyekiti, ambaye cheo kilimnasa, na mama yetu.

Na hapo ndipo shida ya kweli ilipokuwa, nayo haikuwa ya kuchekesha.

Mama alizaliwa Gachoka, upande wa Mbeere, na ameishi Ruiri tangu alipoolewa, lakini kuna mambo ya Gachoka ambayo hakuyaacha kwenye gari lililomleta. Moja ni nthoni. Nthoni ni ile heshima yenye aibu kati ya mama na mume wa binti yake. Hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Akija njia hii yeye hupita ile. Na zaidi ya yote, mama hali wala hanywi mbele ya mkwewe. Kuna mbuzi anayetolewa na mkwe ambaye hulegeza masharti hayo, lakini kwa kina mama wa kwao mbuzi huyo huja baada ya mtoto wa kwanza, na hakuna njia ya mkato.

Kwa hiyo tangu kijana afike, mama alikuwa akiishi jikoni. Akisikia hatua zake, huingia ghalani. Akitaka kumwambia neno, humwambia mbuzi, au mimi, kwa sauti ya kutosha kumfikia. Sikumwona akila chakula cha maana siku zote hizo; alikuwa akimega kiazi akiwa amegeukia ukuta. Sisi tuliona mama mwenye adabu. Mama mkwe wa Malaka aliona kitu kingine.

Aliniita chini ya mti wa mkrevilea tulipokuwa tukipepeta mchele.

"Mama yako anamchukia mwanangu?"

"Hapana, mama. Ni heshima."

"Heshima ya kumkimbia?"

Nilijaribu kueleza. Kiingereza cha jikoni kina maneno mengi ya vitunguu lakini machache ya nthoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapepeta mchele kidogo.

"Nilipoolewa," alisema, "mama mkwe wangu alikiacha kikombe changu kikapoa. Alikiweka mezani mbele ya watu wote. Nilikaa katika nyumba yake nikimpikia mpaka alipokufa, na sikuwahi kuwa mtu wa nyumba ile. Nilijiapia mwanangu hatapitia hayo. Mimi nitakunywa chai ya dada yako, nitainywa yote. Lakini mama yako asipokunywa ya mwanangu, atakuwa mgeni kwenu maisha yake yote. Na mimi nitajua."

Nikaenda kwa dada yangu, naye alikuwa tayari anajua, macho yamevimba. "Kaka, mimi naenda kuishi kwa yule mama," alisema. "Mama yetu asipokunywa, nitaenda nikiwa nimefungiwa mlango nyuma. Mwambie. Mimi nimeshindwa kumwambia."

Nikaenda jikoni. Mama alinisikiliza akikoroga uji.

"Nikinywa mbele ya yule kijana," alisema, "nitakuwa nimemvua binti yangu nguo barabarani. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyojua. Hujui wewe, umezunguka sana."

"Lakini mama, hata pasta amesema hayo ni mambo ya zamani."

"Pasta? Muulize pasta kama ameshawahi kula mbele ya mama ya mkewe."

Nilimuuliza. Pasta alikohoa, akasema kila jambo na wakati wake, akaniuliza kama kuna chai.

Basi suala likapelekwa kwa kamati, na kamati ikalifanyia yale ambayo kamati hufanya. Pendekezo la kwanza: mama anywe macho yakiwa yamefungwa. Likapingwa na shangazi, aliyeuliza kama mtu akifumba macho anakuwa hayupo. Pendekezo la pili: kijana ndiye afumbwe macho kwa kitambaa. Shangazi akauliza tena, tunamuoza ama tunampeleka mahakamani. Pendekezo la tatu, la mwenyekiti mwenyewe: anywe mtu mwingine kwa niaba ya mama, kama vile yeye alivyokuwa akienda mikutanoni kwa niaba ya chifu. "Nitakunywa vikombe viwili," alisema, "kimoja changu, kimoja cha mama ya bibi harusi. Na nitaeleza katika hotuba fupi." Nilipomtafsiria mama mkwe, alisema kwa adabu kubwa kwamba basi mwenyekiti huyo ndiye ataolewa na mwanawe. Hilo sikulitafsiri lote.

Kamati ikaazimia kwamba suala lichunguzwe zaidi, ikapitisha bajeti ya hema, na ikafunga kwa sala.

Siku ya harusi tulitoka kanisani jua likiwa kali. Hema lilikuwa limejaa. Watu wa Ruiri waliokuwa wamekula kiapo kutogusa chakula cha Wachina walikuwa wameshika viti vya mbele, karibu na masufuria. Mkeka ulitandikwa katikati, na mbele ya mkeka viti vitatu vya sofa vilivyotolewa sebuleni, vikiwa na vitambaa vyao vyeupe vya kufuma mgongoni. Mama mkwe alikaa cha kwanza. Mwenyekiti alikaa cha pili, suti yake ya uchifu ikiwa imefungwa kifungo ambacho kilikuwa kinaomba msaada. Cha tatu kilikuwa kitupu.

Maharusi walipiga magoti. Dada yangu, ndani ya gauni jeupe lenye vumbi jekundu pindoni, alimpa mama mkwe kikombe kwa mikono miwili na kumwita mama kwa lugha ya kwao. Yule mwanamke alikunywa yote, akala hata tunda jekundu lililokuwa ndani, na akageuza kikombe chini juu ili kila mtu aone.

Ikaja zamu ya mwenyekiti. Aliangalia ndani ya kikombe.

"Hii ni turungi," alisema kwenye kipaza sauti.

"Kunywa, mzee!" watu wakapiga kelele.

"Turungi yenye matunda ndani. Kwetu mkwe hupewa chai ya maziwa. Ng'ombe wote wako wapi?"

"Wamekwenda kulamba lami yako!" sauti ikatoka nyuma, na hema likaanguka kwa kicheko. Mwenyekiti alikunywa. Akaangalia tena ndani ya kikombe, akauliza kwa sauti ya chini kama birika lilikuwa na nyingine, na bahasha nyekundu akaitoa mfukoni kama mtu anayelipa faini.

Kisha wakasogea mbele ya kiti cha tatu, kitupu, na wakapiga magoti. Kijana alishika kikombe kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, macho kwenye mkeka. Na wakangoja.

Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya mila. Kisha minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akamwita mama ya bibi harusi aje mbele, kwa jina la ukoo, kwa jina la kanisa, na mwisho kwa jina la serikali. Mlango wa jiko ulibaki vilevile. Mama mkwe alikuwa amenyooka kitini kwake, haangalii mtu. Dada yangu alikuwa anauma mdomo. Mwenyekiti akamwambia kijana kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba anaweza kuinuka, programu imechelewa. Kijana akatikisa kichwa. Akabaki pale pale, mikono mbele.

Nilienda jikoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa nguo yake mpya ya harusi na juu yake aproni, kana kwamba hajaamua awe mama wa harusi au mpishi.

"Bado amepiga magoti?" aliuliza.

"Yuko vilevile."

"Mwambie ainuke."

"Haruhusiwi. Mpaka unywe."

"Anatazama wapi?"

"Chini."

"Hajaangalia mlango huu?"

"Hata mara moja."

Huko nje mwenyekiti alikuwa ameanza hotuba fupi.

"Nani alimfundisha yule mtoto nthoni?" alisema mama, si kwangu hasa. Nilitaka kujibu kwamba hakuna aliyemfundisha, kwamba huenda huko Malaka nako wanayo ila wanaiita kwa jina lingine, lakini alikuwa ameshainuka na anafungua aproni. Alifungua sanduku lake akatoa doti ya leso, mpya, haijakatwa, vipande viwili bado vimeshikana.

"Shika upande huu," alisema. "Mwite shangazi yako ashike ule."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotoka jikoni siku ya harusi ya binti yake: hakuonekana. Kilichoonekana ni leso ndefu inayotembea uwanjani, mimi upande mmoja na shangazi upande mwingine, na chini yake jozi moja ya viatu vipya. Watu walisimama juu ya viti. Mtu mmoja aliuliza kama ni bibi harusi wa pili. Tulienda polepole kwa sababu shangazi ni mfupi na leso ilikuwa inalala upande wake, na mama kutoka ndani alikuwa akitoa amri. "Juu. Juu, nimesema. Unataka anione nywele?"

Tukafika kwenye kiti. Mama akaketi. Tukainyoosha leso ikawa ukuta kati yake na kijana. Yeye akakisogeza kikombe kwa mikono miwili mpaka kikagusa kitambaa, na kwa sauti iliyokuwa imefanya mazoezi akasema, "Mama, karibu chai." Mkono wa mama ukatoka chini ya leso, ukakichukua kikombe, ukarudi.

Hapo kukawa na tatizo: hakuna aliyeweza kujua. Angeweza kuwa ameinywa, angeweza kuwa ameimwagia nyasi. Mama mkwe aliinuka kitini kwake. Nilimwona usoni na nikajua anakiona kikombe kile kingine kikipoa mezani, cha zamani. Hakuniomba ruhusa. Alizunguka ncha ya leso upande wangu, akaingia nyuma, akachuchumaa karibu na kiti cha mama. Mimi na shangazi pekee ndio tuliokuwa mahali pa kuona pande zote mbili.

Walitazamana. Mama hana nthoni na mwanamke mwenzake. Mama yangu, ambaye alitupiga sisi sote utotoni kwa kunywa uji kwa kelele, akakiinua kikombe, akavuta chai ile kwa sauti ambayo naamini ilisikika mpaka barabarani. Alivuta tena. Alivuta mpaka mwisho, ile sauti ya kikombe kitupu, ili aliyekuwa upande wa pili akiwa ameinamisha macho asikie yale asiyoruhusiwa kuona.

Kina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Upande wa pili wa leso mabega ya kijana yalishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Kijana, inuka," mama alisema kwa Kimbeere. "Magoti yatakuuma." Hakuna aliyetafsiri. Akainuka. Suruali yake ilikuwa na duara mbili za udongo mwekundu, na aliziacha hivyo hivyo.

Mwenyekiti akatangaza kwamba programu inaendelea. Ilimlazimu kutangaza mara kadhaa, kwa sababu wale wanawake wawili hawakutoka. Mama mkwe alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, miguu ameikunja pembeni, na mama akavua kitambaa cheupe cha sofa akamwekea akalie. Waliongea. Sijui kwa lugha gani. Nilisikia "dunia" na nilisikia "sabuni", maneno ambayo Malaka wanayo na sisi tunayo, na katikati yake mikono na vicheko. Sala ya chakula ikaombwa wakiongea. Sufuria zikafunguliwa, na wenye kiapo wakawa wa kwanza kwenye mstari, na wali wa buluu ukaisha kabla wageni wa heshima hawajapata. Nasi bado tumeshika leso, mimi na shangazi, mikono imekufa ganzi, tukinusa pongte inayopita.

"Mwambie mama yako aamue," shangazi alininong'oneza. "Mimi pia nina tumbo."

Lakini mama alikuwa na njaa ya siku nyingi. Sahani ya kwanza ilipita chini ya leso imejaa kuku na viazi, ikarudi tupu, mifupa imepangwa pembeni kwa adabu. Ya pili ikaenda, ikarudi. Aliyekuwa akizibeba kutoka kwenye sufuria, bila kutumwa na mtu, ni yule kijana, na kila alipofika aliinama na kugeuza uso upande wa ghala.

"Huko nje," ikauliza sauti ya mama, safari hii kwa Kiswahili, na si kwangu, "viazi vimebaki?"

"Vipo, mama," alijibu mkwewe kwa Kiswahili alichofundishwa na dada yangu, na akakimbia kuvileta.